Keekee Bila Betri

Kila Aprili, theluji ikisharudi juu milimani,
Engelbert alipiga magoti bustanini na karatasi ya msasa
akasugua reli, shubiri kwa shubiri,
mita arobaini na mbili za shaba nyeupe
zinazozunguka figili zangu na kupita chini ya mtofaa.
Umeme ulipita humo relini, na reli ilikuwa na maadui:
umande, chavua, utomvu,
na koa, aliyejinyoosha usiku kutoka reli hii hadi ile
akakaukia hapo kama fundo la uzi mweusi.
Treni ilifika kwake ikasimama. Taa zikafumba.
"Mtegemea reli hufa maskini," nilimwambia.
Alicheka.
Magoti yake hayakucheka.

Hapa Mürzzuschlag hakuna nyumba isiyo na mtu wa reli.
Wangu alikagua breki miaka thelathini na minne,
alizijua kwa sikio, gizani, kwa nyundo ndogo.
Sasa anakagua treni inayoweza kulala kitandani na paka.

Januari, usiku, juu ya meza ya jikoni,
aliipasua injini kama anayesafisha samaki.
Skrubu nane kwenye kifuniko cha chupa.
Nyaya mbili zilizonyonya umeme magurudumuni
alizitazama kidogo, kisha nikasikia mkasi:
ka.
Ka.
"Umeifanya yatima," nikasema.
"Nimeifanya mtu mzima," akasema.
"Kuanzia leo inatembea na chakula chake."

Na chakula chenyewe?
Betri ya keekee.
Volti kumi na nane, nzito kama nusu ya mkate mweusi.
Haikuingia tumboni mwa injini, hata alipoibembeleza.
Akachagua behewa la bia, akaling'oa paa,
akabandika humo kikalio cha tochi iliyokufa,
fyuzi, swichi, waya mwekundu, waya mweusi,
moshi wa lehemu ukapanda hadi kwenye soksi zilizoanikwa.
Mara ya kwanza alizibadilisha nyaya:
treni ikaenda kinyumenyume
ikaangusha bakuli la sukari.

Mimi nilikuwa na rafu.
Rafu ya chupa za jemu, iliyokuwa ukutani
kwa maneno tu
tangu Novemba.

Mei ikaja na mvua yake ya siku tatu.
Treni ikatoka ndani ya mvua.
Ikapita juu ya reli zilizoota kijani, zisizosuguliwa,
ikampita koa bila salamu,
na Engelbert kasimama wima, nasema wima,
rimoti mkononi, maji yakimtiririka puani.
Watoto wa Burgstaller walipiga makofi kwenye ua.
Hata mimi, dirishani, nilisahau nilichokuwa nikimenya.

Kisha nikakumbuka.

Nilishuka na keekee, nyepesi bila betri yake,
kama bunduki ya mtoto.
Nikaisubiri treni kwenye kona ya kabichi,
nikainua paa la behewa, nikabonyeza,
nikaichomoa.
Ilikuwa na joto la yai lililotoka chini ya kuku.
Yeye, kule kwenye mtofaa, alibonyeza rimoti,
akaitikisa, akaipuliza, akabonyeza tena.
Hakugeuka hadi aliposikia ukuta ukilia.

Matundu sita. Vumbi la matofali kwenye nywele zangu.
Chupa kumi na tisa za jemu ya plamu, zote zinatazama mbele.

Nikamrudishia. Ilibaki taa moja kati ya nne.
Treni ilizunguka mara moja na nusu,
ikajilaza chini ya kichaka cha zabibu chachu,
na hakuna kati yetu aliyeuliza nani kaimaliza.

Betri ya pili, anasema, ni ghali.
Mimi pia nasema ni ghali.
Chaja inakaa karibu na sanduku la mkate.
Alfajiri taa yake ikigeuka kijani
tunakutana hapo, nguo za kulalia,
yeye kashika paa la behewa nyuma ya mgongo,
mimi keekee,
kila mmoja akijifanya
amekuja kunywa maji.