Kabla Simu Haijalia

Kabla simu haijalia nilikaa jikoni
nikaandika kwa wino, si kwa penseli:
Mshahara mara tatu ya kodi.
Barua ya mwenye nyumba wa mwisho.
Kuhamia tarehe mosi Machi.
Atakayetimiza kwanza, ndiye.
Nikapiga mstari chini.
Nje, Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sufuri,
na tanuri la chini likinguruma
kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu.

Ghorofa ya juu ilikuwa ya mama.
Bado inanuka kabichi na siki.
Mimi, Darka Hnatiuk, dereva wa basi la shule,
sasa naitwa mwenye nyumba, na jina hilo
linanipwaya mabegani.

Jirani Walter aliegemea koleo lake la theluji:
"Sikiliza jina. Sikiliza lafudhi.
Utajua mapema nani atalipa."
Nikamuuliza, na Hnatiuk lilisema nini
baba alipobisha hodi mtaa huu?
Akarudi kwenye theluji yake.

Wakaja.
Maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule,
kwa sauti ile ile. Hapo kwenye sauti nilishindwa.
Kwa Brennan na mchumba wake
ilinilainika yenyewe kama siagi:
walivua buti bila kuambiwa,
wakasifu pazia la mama,
nami nilishawaona wakipandisha ngazini
kitanda cha mtoto ambaye hawakumtaja.
Macho hayana pazia, wanasema.
Karatasi nayo haina macho. Nikarudi kwenye karatasi.

Delbert Flett alisimama mlangoni
kama anayengoja kufukuzwa,
kofia mkononi, jibu neno moja moja.
Sikumpenda. Naliandika hilo
kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa fomu yangu
haikuwa na nafasi ya kupenda.
Barua yake: miaka sita, hajachelewa hata siku.
Fomu yake iliingia Jumatano; ya vijana, Alhamisi.
Akiondoka aliuliza kitu kimoja:
"Utapiga simu hata kama ni hapana?"

Usiku nilifungua bati la biskuti la mama.
Risiti, zimefungwa kwa uzi wa kushonea.
Mwaka wa sabini na nne, alipokuwa dobi wa hospitali,
kabla hajanunua chochote chenye paa.
Nikajumlisha, nikagawanya, nikarudia.
Kodi ilimla nusu ya mshahara,
na hakuna mwezi uliokosa risiti.
Mara tatu? Hakufika hata mbili na robo.
Mama angegonga kwangu
nami ningemjibu kwa adabu: samahani.

Nilishawajibu hivyo wawili, kwenye simu, Jumanne.
Nikakata sharti la kwanza. Wino haufutiki,
kwa hiyo limebaki linaonekana chini ya mkwaruzo.
Juu yake: Au risiti za miaka miwili.
Halafu nikawapigia, maana sheria
ikibadilika gizani peke yake
haina tofauti na upendeleo.

Rowena Macaraeg, wa zamu ya usiku
katika nyumba ya wazee, alinisikiliza hadi mwisho.
"Nimeshapata kwingine," alisema. "Ila asante kwa kurudi."
Wa pili sikuwa nimeandika jina.
Namba tu. Aliposema anacholipwa
niliacha kuandika.
Simu iliita, ikaita.

Vijana niliwapigia mwenyewe.
Mchumba alilia kidogo. Sikusema "sheria ndiyo ilivyo";
nilisema, mwingine alitangulia.

Tarehe mosi Delbert alipokea funguo mbili,
akazihesabu, mbili, nikamwandikia risiti namba moja.
Juu yangu sasa anatembea kwa soksi.
Hatusemezani sana. Kodi inaingia.

Ile namba bado imo daftarini, kwa wino.
Jumapili nyingine naipiga.