Mkopo wa Namba Tisa

Nilikuokota Mlango Mmoja, Jumanne ya belo jipya,
chini ya rundo la sweta za watoto na taulo za hoteli.
Elfu nne. Nikalia hali, mama akashusha mia tano.
Jezi ya bluu iliyopauka, kola imechanika,
mgongoni TWEDDLE, na tisa kubwa
kama ndoana ya sangara.

Hatukujua kulitamka. Pale Mwaloni wakasema Twedo,
na mwezi haukuisha kabla jina halijahama
kutoka kwenye kitambaa kuja mwilini mwangu.
Hata Ng'wasi, mke wangu, akikasirika:
"Wewe Twedo, unga umeisha."

Nilidhani wewe ni mkubwa.
Mtu haandikwi mgongoni bure.

Mpwa wangu Shigela ndiye aliyekuchimbua kwenye simu,
tumekaa juu ya magunia, mvua imezuia upakiaji.
Alisoma taratibu, kama karani wa mahakama:
Baba, mchimba makaa. Daraja la tatu, daraja la nne.
Mechi mia mbili na kumi na nne. Magoli sitini na moja.
Goti, goti, kisha lile goti lingine.
Timu sita, na katika hizo sita, nne kwa mkopo.

Hapo nikamkatiza. Kwa mkopo?
Huku kwetu hukopeshwa jembe,
sufuria ya msibani,
laki mbili za kikoba, na riba yake.
Mtu mzima, mwenye mke na viatu vyake,
anapelekwa, anarudishwa,
na mwenyewe anamgeuzageuza kutazama kama ana ufa?

"Ndiyo, mjomba. Usipofunga, Januari wanakurudisha."

Mvua ikapiga mabati.

Nikakumbuka siku za mbalamwezi,
ziwa linapong'aa mno hata dagaa hawaifuati taa,
mitumbwi inapumzika, wavuvi wanatafuta mpira.
Kirumba na Igombe, Igombe na watu wa visiwani,
matajiri wanaazimana miguu yetu.
Magesa alinipeleka Goziba siku tano
kwa madebe mawili ya dagaa na nauli ya kurudi.
Nilifunga mawili. La pili kwa goti,
goti hilihili ambalo leo hujua mvua kabla ya redio.
Hakuna aliyeliita mkopo.
Nauli ya kurudi, mpaka leo, sijaiona.

Kuna goli lako moja lenye picha. Sekunde kumi na moja.
Tope, ukungu, shabiki mmoja na mwavuli.
Beki anabutua, mpira unakugonga mgongoni,
hapa, kwenye tisa, unaingia wavuni,
na wewe unatazama chini kama aliyeangusha funguo.
Shigela aliirudia mara nane.
Kila mara nilikuwa wa mwisho kujua.

"Na sasa yuko wapi?"
Kidole kikateremka.
Aliacha na miaka thelathini na moja.
Siku hizi anafunga mabomba ya maji kwenye nyumba za watu.

Bado anafunga, basi!
Nilicheka hadi mpakiaji wa jirani akauliza kuna nini.
Mimi nafunga magunia: sindano, katani, fundo,
arobaini kwa asubuhi, bila kipa,
bila mtu wa kuruka uzio kunikumbatia.
Neno moja, Twedo, linatulisha wawili.

Mkia wa tisa ulibanduka mwaka jana, juu ya jiwe la kufulia.
Imebaki sifuri, na watoto wa Igombe hawana huruma.
Kesho mwezi unajaa. Shigela anacheza mbele,
ana viatu, hana jezi.

Nimempa. Si zawadi, nimemwambia.
Giza likirudi na taa zikiwashwa ziwani, airudishe,
na asiifue kwa sabuni ya unga,
ile harufu ya dagaa
imenichukua miaka tisa.