Kilo Moja ya Ndimi

Feri inaondoka saa tisa. Sasa ni saa saba kasoro.
Åshild anasema, "Kata kushoto hapo,"
nami nakata, ingawa kibao cha bandari kinaonyesha kulia
na gari limejaa: masanduku mawili, kabati dogo la marehemu mama yake
lililofungwa kamba, milango yake ikigonga kila kona
kama mtu anayetaka kuteremka.

Tindvika, ndilo jina la kijiji.
Nyumba nyekundu juu ya miguu ya mbao,
miguu imezama majini hadi magotini,
na nyuma yake mlima umesimama wima, karibu mno,
kama jirani asiyebisha hodi.
Ni pazuri. Sina budi kukiri: ni pazuri
mpaka mtu unaona haya kukohoa.
Watu wawili wenye majaketi ya manjano wanapiga picha
ya mashua, kisha ya shakwe juu ya mashua,
kisha mmoja anamwambia mwenzake asogee, anaziba mashua.

Halafu harufu. Hiyo haiingii kwenye picha.
Vichanja vimejaa chewa waliofungwa mkia kwa mkia,
wawili wawili, maelfu,
wanakaushwa na upepo na baridi, bila chembe ya chumvi.
Vichwa vimetungwa kando, midomo wazi.
Hivyo vinakwenda Nigeria, kwenye vyungu vya watu wanaojua thamani yake,
anasema Åshild,
na hiyo ni sentensi yake ndefu ya kwanza tangu mazishi.

Bandani, mtoto wa kike, miaka kumi hivi,
buti zimempita magoti,
mbele yake msumari mrefu umesimama ubaoni.
Anachukua kichwa, anakichoma msumarini, kisu, chap,
ulimi unaanguka ndooni. Kichwa kingine. Chap.
Redio inanung'unika peke yake.
"Nani kakufundisha?"
"Hakuna. Unatazama tu."
Anaitwa Ylva. Anaweka akiba ya baiskeli;
kwa hesabu yake ameshapata magurudumu na usukani.

Åshild anamuuliza kitu, nami simwelewi.
Miaka kumi na tisa tumelala kitanda kimoja
na sijapata kuisikia sauti hiyo:
maneno yamekatwa mikia, irabu zimepinda kama ndoana.
Alipokuja kusoma kwetu mashariki
darasa zima lilimcheka siku ya kwanza;
akaufunga mdomo ule, akafungua mwingine.
Ulimi hauna mfupa, husemwa.
Sikuwahi kuambiwa kwamba waweza kukaa kwenye barafu miaka thelathini
ukatoka ungali mbichi.

Mtoto anacheka, anampa kisu.
Åshild anavua pete, ananikabidhi.
Kichwa cha kwanza kinateleza. Cha pili kinakaa.
Kufika cha kumi hatazami tena,
anaongea na Ylva, na mikono inaendelea na shughuli yake.

Saa nane. Nataja feri. Nataja tena.
Nyumba yao ni ile, ya tatu kutoka gatini, iliuzwa zamani.
Mlangoni kuna kisanduku cha tarakimu
kwa wageni wa usiku mmoja, na ua la plastiki dirishani.
Aliitazama kama unavyomtazama mtu
uliyemfananisha na mwingine, akapita.

Tulinunua kilo moja. Nikatoa zaidi,
Ylva akanirudishia chenji yote, mpaka sarafu ya mwisho.

Kwenye foleni, mfanyakazi wa feri aliinama dirishani,
akavuta pumzi, akasema, "Tindvika,"
akatuelekeza mstari wa tatu.
Mfuko uko mapajani mwake, maji yanamtonea kwenye sketi ya mazishi.
"Hebu sema tena kama kule," nikamwambia.
"Niseme nini?"
"Chochote."
Akafikiri. Mlango wa meli ukashuka taratibu, minyororo ikilia.
Akasema neno moja, fupi.
Sikulielewa. Sikuuliza.
Nikatia gia, na nyuma yetu kabati likagonga.