Komeo

Saa tisa za usiku, Januari, Szeged.
Mto Tisza umeganda kingoni, reli ya tramu imelala,
na mimi nimemwinamia buu asiyezidi punje ya mchele.
Nimempasua mgongoni, nimembana kwa pini sita,
nimemtandaza kama barua iliyofunguliwa.

Misuli yake inang'aa. Neva imejinyoosha juu yake
na vifundo vyake, shanga zilizosahauliwa uzini.
Nachoma sindano ya kioo. Nasubiri.

Buu wa kawaida hunong'ona.
Tone. Kimya. Tone tena:
kifuko kimoja cha glutamati kimeponyoka
bila kuitwa na mtu.
Bi Piroska, apikaye chakula cha nzi tangu sijazaliwa
(unga wa mahindi, hamira, mikono yake yote inanukia hamira),
huuita mnong'ono huo kikohozi cha mlinzi:
si neno, ni kujua tu kwamba yupo aliye macho.

Mlangoni, nielewavyo, mambo huwa hivi.
Vifuko vimepanga foleni, vimeegemea utando.
Nyuzi nne za protini zimeanza kusukana
kama ukili, lakini nusu tu,
na juu ya msuko amejipachika komplexini,
mfupi kwa kimo, mkaidi kwa tabia,
anasema: bado.
Kisha umeme hushuka nevani, kalsiamu huingia,
humgusa yule aliyekuwa akilisubiri neno hilo moja,
na msuko hukazwa, utando na utando huwa kitu kimoja,
kilichofichwa hutoka.
Yote haya kabla kope haijashuka.
Kabla hata haijawaza kushuka.

Lakini huyu wa usiku huu hana komeo.
Tumelifuta katika jeni zake, mimi na Botond, kiangazi kilichopita.
Nimeshusha sindano, skrini ikachemka:
bisi kwenye sufuria isiyo na mfuniko,
tonetonetonetone, huna pa kuanzia kuhesabu,
neva inabwabwaja yenyewe kwa yenyewe,
tena imeota vifundo vipya, vingi,
utadhani kupayuka ni mbolea.
Nikaipiga umeme: haya, sema sasa.
Ikasema kidogo,
kwa sauti ya aliyemaliza maneno njiani.

Nilicheka, peke yangu, chumba kizima.
Kisha sikucheka.

Siku tulipomzika baba, kule Makó, nilikuwa buu huyu.
Mbele ya kasisi, mbele ya majirani waliovua kofia,
nilimwaga yote: nyumba, deni, shamba la vitunguu,
nani alimwogesha na nani alituma pesa tu.
Nilijikwaa ulimi, na vidole vyangu vizima vyote kumi.
Kaka yangu Bálint alitazama viatu vyake.
Yeye ni komeo tupu.
Miaka mitatu sasa amejifungia kwa ndani.

Ajabu ya protini hii, na ndiyo inayonikesha:
ukiiondoa, mlango hauwi huru zaidi.
Mkono ule ule uliosema bado
ndio ulioushika msuko tayari hadi amri ifike.
Botond hakubali. Anasema ni sehemu mbili za protini moja,
kila sehemu na kibarua chake.
Labda. Tutabishana Jumatatu.

Saa kumi na robo. Naandika daftarini:
msuli wa kumi na nne, rekodi safi.
Bálint yu barabarani saa hizi, na gari lake la mikate.
Nachukua simu. Inaita.
"Nini," anasema. Nyuma yake injini, redio, mtu wa hali ya hewa.

Maneno yangu yote yamepanga foleni,
yameegemea meno.
Bado.
Bado.
"Vitunguu," nasema. "Vya mwaka huu. Vilistahimili baridi?"

Ananyamaza hata nasikia taa ya kukata kona
ikipiga ndani ya gari:
tone, kimya, tone.

"Vya upande wa kisima tu," anasema.