Kinga

Nililifunga mimi, mwezi wa Machi, kwa skrubu nne,
katika gereji namba mia na kumi na nane
pembeni mwa Izhevsk, theluji ingali magotini:
bakuli jeupe la chuma, limefumbatwa na dari,
kilo sita za unga tumboni,
na chini yake, kama jicho la samaki,
kichupa cha kioo chenye maji mekundu.

Ilfat Khasanov akapinda shingo.
"Halina waya?"
Halina.
"Betri?"
Halina.
"Nani basi ataliamsha?"
Nikamweleza: joto likifika nyuzi sitini na nane
kioo hupasuka chenyewe.
Akacheka hadi akashika meza.
"Kumbe nimeajiri kichaa
anayengoja siku ya kupasuka."

Aliyelitaka ni Rauza, mkewe.
Aliuza cherehani yake ya pili akalipa taslimu,
maana gereji ile haikuwa na gari
tangu mapacha wazaliwe.
Ilikuwa na kodiani thelathini na moja za watu,
zikingoja kuzibwa mivukuto, kupakwa nta,
kurudishiwa sauti.
Za maharusi. Za marehemu.
Moja ya kiziwi, mzee Yevsey,
aliyependa kuipakata
aisikie kwa mbavu.

Kisha tukalisahau.
Ndiyo kazi yake, kusahauliwa.
Kila vuli nilikuja na ngazi,
nikamfukuza buibui yuleyule au mjukuu wake,
nikatazama wekundu wa kichupa, nikaandika tarehe.
Ilfat akinimiminia chai:
"Kichaa wako bado ana akili timamu?"
Bado, nikamjibu.

Usiku wa Januari, hakuna aliyeona.
Najua kwa kusoma masizi, ndiyo elimu yangu:
jiko la gundi halikuzimwa,
kitambaa kikaanguka, kikashika,
kikaupa moto rafu ya kwanza.
Kinga, neno moja, kwetu lina nyuso mbili:
kijiti kinachochochea, na ngao inayozuia.
Usiku ule vilikutana chumba kimoja.
Moto ukapanda, ukapanda,
ukakilamba kioo.

Tak.

Asubuhi Ilfat alifungua mlango
akadhani theluji imehamia ndani.
Paka wa jirani alikuwa amepita juu ya kila kitu,
ameacha nyayo hadi juu ya meza iliyoungua nusu.
Kodiani zote thelathini na moja nzima,
nyeupe kama mikate kabla ya tanuri.
Rauza akaketi juu ya ndoo, akalia kwa furaha.
Mimi nilipofika sikulia, wala sikufurahi.

Kwa sababu kuna jambo sikuwaambia.
Unga ule una chumvi ndani yake.
Ukinywa unyevu, hula chuma,
na ndani ya kodiani moja
mna ndimi za chuma mia kadhaa,
nyembamba kama kucha ya mtoto.

Nikamwambia siku hiyo, nikitazama viatu vyangu.
Hakucheka. Alinyamaza muda wa chai kupoa.
Halafu akanipa brashi.

Kila Jumamosi, hadi barafu ya mto ilipovunjika,
tuliketi watatu chini ya tundu lile darini,
tukifungua, tukipuliza, tukifuta ulimi mmoja mmoja.
Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi.
Huo haukuwa usufi. Vidole vyangu vilipasuka.
Ndimi arobaini hazikupona; alizikata upya,
bila kunidai hata senti.

Yevsey alikuja wa kwanza.
Akaipakata yake, akavuta,
akafumba macho, akapiga chafya.

Machi tena nilipanda na bakuli jipya,
safari hii Ilfat mwenyewe kashika ngazi.
"Funga vizuri," akasema, basi.

Juni nilialikwa harusini, kijiji cha mbali.
Mpigaji simjui, kodiani naijua.
Alipoivuta mara ya kwanza, kwa nguvu,
pumzi ndogo nyeupe ikatoka pembeni,
ikatua begani mwa bibi harusi.
Akaipangusa bila kutazama.
Nami nikanyamaza, nikaenda kucheza.