Chini ya Fuso, Ilula

Fuso imemaliza Kitonga, rejeta inatokota.
Dereva ana saruji ya Makambako na simu isiyonyamaza.
Fundi Kikoti hagusi mfuniko. Acha ipoe, anasema,
anavua pete, anaifunga pindoni mwa leso,
anachomoa waya wa betri,
anakaba matairi kwa mawe.

Jeki inainua tu. Haishiki.
Anasukuma gogo la mlingoti chini ya chasisi,
kisha jingine.
Anatikisa kwa bega; chuma kinaguna, kinatulia.

Ufunguo wa gari anautia mfukoni mwangu, mimi mshika tochi.
"La pili la nini, fundi?"

Anajilaza kwenye boksi, anajivuta ndani hadi kifuani.
"La kwanza la gari," inatoka sauti.
"La pili la Mdegela."

Ovaroli ya Mdegela bado ipo msumarini,
mikono imekunjwa.