Kijiko cha Sifuri

Kabla dripu haijafunguliwa tunachukua ya sifuri:
kijiko kimoja cha damu, basi,
na kichupa kinazama barafuni kingali na joto la mkono wake.
Sikujua binti Pazi, msuka ukili wa Nianjema,
anakifuata kwa macho kama chenji iliyochelewa.

"Mnatafuta nini humo?"

Dawa inashuka tone, tone. Nashika saa.
Namwambia kuna kitu mwili hukipika wenyewe,
si homoni hasa, ni binamu yake.
Homoni husafiri, ina barua na anwani;
hiki huzaliwa jikoni, kikafia jikoni.
Huwasha maumivu, hulegeza mshipa, kisha hakipo.
Damu ikipita mapafuni mara moja tu
hukiacha huko, kama kandambili mlangoni.

"Sasa mtakikutaje?"

Miaka sita nayauliza hayo hayo mashine.

Na sindano nayo ni mchokozi.
Ukichoma, mshipa unashtuka,
chembe sahani zinagutuka usingizini
na kumwaga kile kile ulichokuja kukipima.
Unaandika: *nyingi*.
Nyingi ya dawa, au ya hodi yako?

Dakika ya kumi na tano. Nyosha mkono, mama.

Ananyosha. Anasema, bila kunitazama:
"Nilipofiwa na Mwinyikondo ilikuwa hivyo.
Nimeshasinzia, mtu anaingia: pole, umelala?
Ndiye aliyeniamsha nilie."

Sina fomu ya kuandikia hilo.

Kwa hiyo tunazunguka nyuma ya nyumba, tunapima majivu.
Kikishakufa huacha masalia yasiyo na haraka;
hayo hungoja, na kwa hayo
tunakisia moto ulikuwa mkubwa kiasi gani.

Dakika ya thelathini, umeme unakatika.
Jenereta inakohoa mara mbili.
Chumba kizima kimebana pumzi
mpaka friji isome tena: hasi themanini.

Saa nane natoa kanula, nabandika pamba.
Anauliza majibu lini. Miezi, nasema,
tena hayatakuja kwa jina lako.
Anacheka: "Jina langu lenyewe umelisikia?"

Kwenye lebo majina hayaruhusiwi. Naandika kumi na saba.
Ila chini, penye safu ya maoni ya mpimaji,
kalamu inasita juu ya karatasi,
na neno lililo karibu na ncha yake
ni lile aliloitwa na mama yake.